Safari ya Kulifuata Koti la Hamisi

Tangu nirudi mnaniuliza mambo mawili tu: Kampala kukoje, na ile miwani nyeusi imekwenda wapi. Nimewajibu "kuzuri" na "imepotea," majibu ya mtu asiyetaka maneno. Leo nawaandikia, kwa sababu nikisimulia barazani mtanikatiza, hasa wewe Abdi, usiyeweza kumsikiliza mtu mpaka mwisho hata akikwambia nyumba yenu inaungua. Soma taratibu, kisha wapokeze wenzako. Mambo ya tiketi na vyeti vya mpakani nayaruka, hayana utamu.

Yaliyotangulia mnayajua, ila nayarudia ili yakae pamoja. Kaka yangu Hamisi alikuwa Kampala, mpiga chapa katika duka moja la Wandegeya, karibu na chuo kikuu. Alipanga chumba kwa mama mmoja wa Kinubi huko Namuwongo, kando ya reli. Siku moja akiwa juu ya baiskeli yake lori la jeshi lilimgonga, na halikusimama. Kule jeshi ndilo serikali, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza. Telegramu ilipotufikia Majengo alikuwa ameshazikwa, kama dini inavyotaka, na sisi tukaweka matanga bila maiti.

Baba aliacha kulitaja jina lake. Mama alibaki na swali moja, akiuliza jikoni, akiuliza kitandani: "Nani alimwosha mwanangu?" Baba humjibu, "Waislamu wenzake." Mama husema, "Hao Waislamu wana majina," kisha hunyamaza mpaka kesho yake.

Mimi nilinunua miwani nyeusi na sikuivua tena. Darasani ninayo, mezani ninayo. Mlinicheka, mkadhani ni maringo. Nilikuwa sitaki mtu ayaone macho yangu, basi, na nilikuwa nimewachukia nyote kwa sababu ndugu zenu walikuwa hai. Msinune, ndiyo kweli yenyewe.

Nilitaka kitu kimoja duniani, nacho ni koti lake. Alituletea picha amelivaa: koti la kahawia lenye ukosi mweusi, amesimama kama waziri aliyetoka kuapishwa. Alisema huko kuna baridi, nikija atanipa. Baba alipoona shule nimeiacha na mazungumzo nimeyaacha, akaniambia, "Nenda ukalizuru kaburi la nduguyo. Ukirudi, urudi na akili zako." Nikasema nitakwenda. Sikumwambia kwamba nafuata koti.

MOMBASA HADI NAIROBI

Nilijivalia nguo zangu bora, maana sikutaka kufika mji wa Hamisi kama mtu wa kusaidiwa. Shati la maua, suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni, viatu vya raizoni vilivyoniongeza kimo, na miwani yangu. Yakumbukeni mavazi hayo, yana kazi yake mbele. Mama alinipa kikapu cha mahamri, na chini yake sukari na sabuni za kumpelekea yule mama wa Kinubi, kwa kuwa tulisikia kule vitu hivyo havionekani madukani.

Katika behewa nilikaa mkabala na bibi mmoja wa Kitaita aliyekuwa akishuka Voi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama sana, kisha akachukua mkono wangu, akaniwekea chungwa lililomenywa kiganjani, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Kula, mjukuu wangu," akasema. "Mbegu nimekwisha kuzitoa."

Nilichelewa kufahamu. Bibi alidhani mimi ni kipofu. Sasa mtu anafanyaje hapo? Ningemwambia naona, angetahayari mbele ya abiria wote. Nikala chungwa. Treni ilisimama porini kwa muda mrefu ikingoja treni nyingine ipite, na wakati wote huo bibi alinieleza mambo ya dirishani: pale pana mlima, hapa pana punda milia, yule mtoto ana shati jekundu. Nikaitikia kila kitu kama mtu asiyeona. Alipokuwa akishuka alinishika kichwa akaniombea dua macho yangu yafunguke.

Alipokwisha kwenda, jamaa mmoja kando yangu aliniuliza, "Kwani umezaliwa hivyo?" Nikamwambia ashughulike na safari yake. Lakini tangu Hamisi afe hakuna aliyekuwa amenigusa kichwa, na nilikaa muda mrefu nikiyanusa maganda ya chungwa.

NAIROBI HADI MPAKANI

Nairobi nilibadilisha treni, na kuanzia hapo ndipo nilipojua baridi. Nyinyi mnaoita baridi ule upepo wa Julai wa kwetu, nyamazeni. Treni ilipanda na kupanda mpaka masikio yakaziba, na katika zile nyanda za juu baada ya Nakuru nilivaa mashati yote niliyokuwa nayo, moja juu ya jingine, na bado meno yanagongana. Injini ikaharibika tukiwa huko huko. Mafundi walishuka na taa zao, wakagonga, wakabishana, wakapanda, wakashuka tena.

Wauzaji walikuja na maziwa ya moto na mahindi ya kuchoma. Nilishika gunzi la moto kwa mikono miwili hata baada ya kulimaliza. Hapo nililifikiria koti la Hamisi kwa namna nyingine. Zamani nililiona kama urembo. Kumbe mtoto wa Majengo alifika huku peke yake, akapigwa na baridi hii, na hakutuambia. Barua zake zote zilisema hajambo.

Hasira ikanipanda. Nilimkasirikia yeye kwa kufa, halafu nikawakasirikia mafundi kwa kutotengeneza injini. Mwishowe ikanguruma tukaondoka.

MPAKANI HADI KAMPALA

Upande wa pili wa mpaka nilipata heshima ambayo sijawahi kuipata maishani. Behewa lilipunguka watu, na abiria wapya walipopanda Tororo, kila aliyechungulia nilipokaa alirudi nyuma kwa adabu akatafuta kwingine. Watu walisimama ujiani wakiwa na mizigo kichwani, na mimi benchi zima ni langu. Nikamwambia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, "Karibu ukae, mama." Akasema, "Asante, afande, mimi nasimama tu," na mtoto akaacha kulia.

Afande. Nilifikiri ndivyo wanavyowaita vijana nadhifu.

Jinja kijana aliyeuza gonja, zile ndizi za kuchoma, alinipa kifungu kizima dirishani. Nilipoingiza mkono mfukoni kutoa pesa alinyanyua viganja vyote viwili, akarudi nyuma, akapotea nyuma ya behewa la mizigo akiwa bado na ndizi nyingi za kuuza. Nikasema moyoni, watu wa huku wakarimu kweli kweli. Gonja ilikuwa tamu. Nilikula yote nikilitazama ziwa, nikiwa peke yangu kwenye benchi la watu wanne, na nikaona kwamba hata ugenini hakuna anayetaka kukaa karibu nami. Hilo liliniuma zaidi ya nilivyodhani.

NAMUWONGO

Nyumba ya Bi Zuhura, yule mama wa Kinubi, niliipata kwa kufuata reli, maana kila niliyemuuliza njia alinionyesha upande tofauti na mwenzake. Nilibisha hodi. Ndani nilisikia sufuria ikiwekwa chini polepole. Nikasema kwa sauti, "Ni Swaleh, mdogo wake Hamisi, kutoka Mombasa." Mlango ukafunguka kidogo, jicho likanikagua kutoka viatu hadi kichwa, kisha mkono ukanivuta ndani kama mzigo wa magendo.

"Mwanangu," akasema Bi Zuhura, na alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito, "nani amekuvalisha hivi? Vua hiyo kitu usoni."

Akanieleza. Huko Kampala, watu wanaovaa miwani nyeusi, mashati ya maua na viatu virefu ni watu wa usalama, wale wanaomtia mtu katika gari mchana kweupe na asionekane tena. Na lugha yao ni Kiswahili. Raia wa mji ule wengi wanasema Kiganda. Kiswahili ni cha askari, na akikisikia mtu nyuma yake huanza kuhesabu dhambi zake.

"Sisi Wanubi tunaongea, lakini majirani wanatujua," akasema. "Wewe nani anakujua?"

Nilivua miwani nikaitia mfukoni. Tukala matoke na mchuzi wa njugu, akatia sukari ya Mama katika chai kwa ncha ya kijiko, akafumba macho alipoionja. Alinionyesha chumba cha Hamisi. Kilikuwa na kitanda kitupu na msumari ukutani.

"Koti liko wapi?" nikamuuliza.

"Nguo zilitolewa, kama kawaida ya maiti."

"Nauliza koti."

"Koti lilikwenda Wandegeya. Lina mwenyewe sasa, amelipata kwa haki."

Nikamuuliza ni nani. Akakataa kata kata. Katika mji ule, alisema, mtu hampeleki mtu mlangoni kwa mtu, hata awe mtoto wa dada yake. Nikasusa chai. Nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama mtu mzima, kwamba wamegawana vitu vya kaka yangu kabla udongo haujakauka. Alikiosha kikombe changu akakifunika.

Asubuhi alinipeleka kaburini. Hapo nadhani mnangoja niseme nililia. Sikulia. Ni tuta la udongo mwekundu lenye majani machanga, na pembeni watu walikuwa wanachimba jingine huku wakizungumza habari za bei ya chumvi. Nilisoma Fatiha. Nilingoja kitu kinipate, hakikunipata, nikaona aibu, nikatoa miwani nikaivaa. Bi Zuhura alitazama pembeni. Tulipotoka nilimwambia nataka kutembea peke yangu, akasema nisiende mbali, na nikapanda Wandegeya.

WANDEGEYA

Nilikuwa sina mpango wowote. Nilitaka kuliona duka alilofanyia kazi, labda kumwuliza mtu kuhusu koti. Nililiona: mlango mwembamba, harufu ya wino, mashine inagonga. Sikuingia. Karibu na soko palikuwa na foleni ya sukari imeizunguka nyumba, na nilipopita foleni ilijisogeza ukutani kunipisha. Safari hii nilijua sababu, na bado miwani sikuivua.

Ndipo nikaliona koti likienda mbele yangu. Rangi ya kahawia, ukosi mweusi, mabega yale yale yaliyoinama kidogo ya mtu aliyezoea kuinamia kazi. Mnaweza kuniambia nizikwe wapi kwa ujinga, lakini mimi niliyetoka kaburini muda ule ule nilidhani ni yeye. Mwili mzima ulidhani. Nikaita, "Hamisi." Koti halikugeuka, likaongeza mwendo. Mimi nikaongeza. Likakata kona ya soko, nikakata. Nikaona linanipotea kati ya watu, na sauti ikanitoka ambayo sikujua ninayo:

"Simama!"

Mtaa mzima ukasimama. Simzungumzii yeye peke yake. Foleni, wabeba mizigo, mwanafunzi mwenye vitabu, mama aliyekuwa anamimina maziwa, wote. Maziwa yakaendelea kumwagika peke yake kwa sababu hakuthubutu kuinua mkono.

Mtu mwenye koti akageuka. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, hafanani na Hamisi hata kidogo. Bila kuambiwa alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka chini. Akavua saa akaiweka juu yake. Akavua na viatu, akavipanga kando. Kisha akachutama, mikono kichwani. Alifanya yote kwa utulivu, kama mtu aliyewahi kuyafanya.

"Chukua, afande," akasema. "Mimi iko na watoto. Mimi hapana mtu mbaya."

Nilichokuwa nimekifuata toka Mombasa kilikuwa kimekunjwa miguuni pangu. Ningeinama tu. Nikaziona soksi zake, moja imetoboka kidole gumba, na mikono ile juu ya mvi, nikapiga magoti. Nikasema kitu cha kipumbavu, nikasema, "Saa siitaki." Halafu nikavua miwani, kwa sababu nilikuwa sioni chochote tena, imejaa maji.

Akainua macho. Akanitazama muda. Mikono ikashuka polepole kutoka kichwani.

"Macho ya Hamisi," akasema. "Wewe ni ule mdogo yake. Swaleh."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema kitu kwa Kiganda, wengine wakapumua, mtaa ukaanza kutembea tena. Baadaye nilimwuliza yule mzee maana ya maneno hayo. Alisema, "Kumbe katoto tu."

Jina lake ni Musa, anauza karatasi na kamba za kufungia vitabu, na Hamisi alikuwa akinunua kwake. Alivaa viatu vyake, akaniinua mimi niliyemtisha, akanipeleka kwenye hoteli ndogo ya mabati ya rafiki yake, akaagiza chai isiyo na sukari. Koti aliliweka mapajani mwangu.

"Chukua," akasema. "Wewe iko damu yake."

"Ulilipataje?" nikauliza. Nilikuwa bado nina ukali fulani, nao haukuwa na pa kwenda.

Akatazama chai. "Mimi nilimuosha."

Nyinyi mnaijua desturi kama ninavyoijua. Nguo bora ya maiti humwendea aliyemwosha. Nilikuwa naijua tangu utotoni, na safari nzima haikunijia akilini, nikamtukana Bi Zuhura, nikamfukuza mtu huyu sokoni. Nikaomba radhi. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Hapana kuwa ndugu hata moja," akasema. "Watu naogopa, sababu ya lile lori. Imamu akasema, nani anajua huyu? Mimi nikasema, najua. Mimi na imamu, basi."

Nikamwuliza alikuwaje. Tangu telegramu ile nilikuwa nimejichorea mwili wake kila aina, na hakuna aliyeniambia.

"Mwosha hapana sema mambo ya maiti," akasema. "Lakini ya mzuri inasemwa. Uso yake ilikuwa mzuri. Kama mtu analala mchana." Akageuza kikombe. "Na mimi nilipasha maji moto. Imamu anasema, haraka, watu ya jeshi wanaweza kuja. Mimi nikasema, ngoja kidogo. Huyu mutu ya Mombasa. Kila siku kwa duka langu analia baridi. Sitamuosha na maji ya baridi."

Hapo ndipo nililia, Abdi, kama unataka kujua. Nililia na koti usoni, na halikuwa na harufu ya Hamisi tena. Lilikuwa na harufu ya karatasi na ya mzee Musa. Yeye aliendelea kunywa chai yake na kunisubiri, na hakuniambia ninyamaze.

Nje mvua ikaanza, ile ya Kampala inayokuja bila kupiga hodi, na baridi ikaingia chini ya mabati. Nililifungua koti nikamshikia begani, akaingiza mkono mmoja, akasita.

"Na wewe?"

"Mimi narudi Mombasa, baba. Koti la nini?"

Akaingiza mkono wa pili.

KURUDI

Miwani niliisahau mezani. Nilipofika kwa Bi Zuhura nikaikumbuka, na kesho yake, nikiwa na shati moja jeupe alilonipa yeye, nilipita kuichukua kabla ya treni. Ilikuwa pale pale. Hoteli imejaa, watu wanakula wamesimama, na ile meza iko tupu, hakuna aliyeikaribia wala kuigusa, hata mwenye hoteli. Nikaitazama nikaiacha. Kwa hiyo haikupotea. Kama hawajaihamisha, ipo.

Bi Zuhura alinisindikiza stesheni. Nilimwomba msamaha kwa yale maneno yangu, akasema maneno gani, chakula chako cha njiani hiki hapa. Katika treni watu walinibana pande zote mbili, na mwenzangu mmoja alilala begani mwangu toka Tororo mpaka Eldoret, akinikoromea sikioni. Nilimwacha alale.

Nilifika nyumbani baada ya alasiri. Baba alikuwa mlangoni, akaniangalia usoni, akanipokea kikapu. Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele. Alitazama mikono yangu, akaona haina chochote.

"Hukuniletea kitu chake?"

Nikakaa chini kando ya ungo. "Aliyemwosha anaitwa Musa," nikasema. "Alimpashia maji moto, Mama. Alijua Hamisi haiwezi baridi."

Mama aliuweka ungo chini. Mlangoni nilimsikia Baba, kwa mara ya kwanza tangu telegramu ile, akisema polepole, "Hamisi."